Mgeni Aliyeomba Mahali Penye Unyevu

Sitaapa. Watu wakisikia kiapo huanza kutafuta uongo ulipo. Nitasema tu kwamba nilikuwa macho, sijanywa kitu, na jua lilikuwa utosini. Wanaokutana na mambo haya usiku wana bahati, maana usiku mtu anaweza kujiambia kwamba aliota. Mimi sina hata hilo.

Ulikuwa mwaka tulioambiwa tujiandae kuhamia kijiji cha Ujamaa. Mimi na mjomba tulikaa wawili tu, nje kidogo ya Kigwa, kando ya njia ya zamani ya misafara, ambayo tangu reli ipite haitumiwi ila na mbuzi. Mjomba alikuwa mmoja wa Bayeye, watu wa ngoma ya nyoka. Alifuga chatu jike, mnene kama paja la mtoto. Alimjengea kibanda chake, na humo akalaza mtungi mkubwa uliovunjika shingo, akaufukia nusu ardhini, ndicho kitanda chake. Alimlisha panya au kifaranga kila baada ya wiki mbili tatu, bila siku maalumu. "Akitaka atasema," ndivyo alivyozoea kuniambia. Mimi niliona ni uzembe.

Kisha mjomba akashikwa na tumbo, ikabidi apelekwe hospitali Tabora. Pale stesheni alinikamata mkono.

"Mtungi usikauke. Asipokula, usimlazimishe. Lakini asife, mpwa wangu. Akifa huyo, usihangaike kuja kunitazama."

Bayeye huamini kwamba nyoka na mfugaji wake wamefungwa kamba moja. Je, mimi niliamini? Mchana nilisema siamini. Usiku sikulala.

Lazima nikiri nilivyo, la sivyo hutaelewa. Mimi nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu. Shule niliishia darasa la pili, kusoma nikajifunza mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huliamini neno lililopigwa chapa kuliko mdomo wa mjomba wake. Nilikuwa na kijitabu kimoja tu cha mifugo, alichotuachia bwana shamba. Kilihusu ufugaji bora wa kuku.

Najua unacheka. Cheka tu.

Kijitabu kilisema banda liwe kavu, liwe na hewa, lifagiwe kila siku, na chakula kitolewe kwa saa. Basi nikatoboa dirisha ukutani. Nikafagia asubuhi na jioni. Mtungi niliukuta na ukungu wa maji ndani, nikaona ni uchafu, nikaufuta kwa kitambaa mpaka ukakauka kama kigae cha juani. Na kila asubuhi saa moja nilimpelekea chatu kifaranga. Hakula. Kesho yake hakula. Wiki ya tatu ngozi yake ilipauka kama majivu, na macho yakawa meupe, kama maji yaliyosuuza chungu cha maziwa. Nikajua nimempofusha. Nani wa kumuuliza? Bayeye wenzake mjomba walikwishahamia vijijini.

Sasa ninalolisema hapa sijapata kumwambia mtu. Asubuhi ya siku ile nilimkamata shingo, nikamtenganisha taya kwa kijiti, nikamshindilia kifaranga kilichokufa mpaka kikapita. Pembe ya mdomo wake ilichanika, damu kidogo ikatoka. Nikamrudisha mtungini, nikaoga, nikakaa kibarazani nikisema moyoni kwamba sasa ataishi.

Mchana, saa saba hivi, nikasikia hodi.

Alikuwa bibi mmoja amejifunga kaniki, amesimama uani. Sikumwona akija. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwangaluka," akajibu. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linachoma.

Akatazama ua wangu. "Umefagia mpaka ardhi imebaki mifupa. Nani kafa hapa?"

"Hajafa mtu, bibi. Mjomba anaumwa."

"Mjomba anaumwa, wewe unaogopa. Hayo ni maradhi mawili. Mbona dawa ya ugonjwa wako unampa mwingine?"

Sikumwelewa. Nilimpa maji katika kata, vidole vyake vikanigusa. Niamini, vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hakuinua kata kinywani. Aliiweka chini, akainama, akatia midomo. Ndipo nilipomwona vizuri. Macho meupe yote mawili, na hakupepesa hata mara moja. Ngozi ya mikono imepauka. Kwenye pembe ya mdomo palikuwa na kidonda kibichi.

Ungefanya nini? Mimi nilikimbilia jikoni kumletea ugali. Ndiyo tabia yangu: nikiogopa, nalisha.

"Sina njaa, mjukuu wangu," akasema, akishika koo. "Asubuhi nilishindiliwa."

"Kidogo tu, bibi. Tonge moja."

"Ee, hili toto lina masikio ya kupambia! Nimekwambia sina njaa. Nataka mahali penye unyevu na giza, nijilaze."

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Nikamwita, "Bibi, humo mna nyoka!"

"Basi tutabanana," akasema, akacheka kicheko kisicho na sauti, pumzi tupu. "Mwaga maji sakafuni. Ziba hilo dirisha lako. Kisha uende zako, na usichungulie. Ukinihurumia, niache."

Nilimwaga ndoo mbili. Niliziba dirisha kwa gunia bichi. Kwa nini nilimtii? Nadhani nilikuwa nimechoka. Wiki tatu nilikuwa nimeamua kila kitu peke yangu, na hapa palikuwa na mtu anayeniambia la kufanya. Nilipotoka niliziona nyayo zake kwenye ua wangu uliofagiwa. Nikazifuata kinyume nijue katoka wapi. Hazikutoka njiani. Zilianzia chini ya lile dirisha.

Nikakaa mbali, mgongo kwenye ukuta wa nyumba. Nikajiambia sitakwenda. Nikakaa kitambo, huenda saa nzima. Kisha nikaanza kufikiri: maji yanatosha? Kama anakata roho? Kama mjomba naye, kule Tabora, anakata roho sasa hivi? Miguu ilininyanyua. Nikausukuma mlango upana wa kidole.

Kaniki ilikuwa sakafuni. Kando ya mtungi kitu kilikuwa kinajisugua taratibu, taratibu, na uso wake ukanigeukia. Jicho moja lilikuwa jeusi, safi, linang'aa. La pili lilikuwa bado limefunikwa, ngozi inaning'inia pembeni yake. Kikasita. Kilinitazama kwa lile moja, na sikuona hasira. Niliona uchovu tu, kama wangu.

Nikafunga mlango, nikatapika uani.

Jioni, kabla jua halijatua, niliingia. Bibi hakuwemo, wala kaniki. Kulikuwa na gamba refu lililovuliwa, limechanika kichwani, na kile kifaranga kimetapikwa, kizima na manyoya yake. Kumbe weupe ule wa macho ulikuwa wa gamba kuukuu, lililokosa unyevu wa kuvulika. Chatu alikuwa mtungini, anameta kama mafuta. Jicho moja jeusi. Jicho moja jeupe, na likabaki hivyo.

Mjomba alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, lakini mzima. Chatu alikula mkononi mwake siku ya pili. Mjomba akamgeuza kichwa, akalitazama lile jicho muda mrefu.

"Ulichungulia?"

"Hapana, mjomba."

"Na mdomo?"

"Nilimkuta hivyo."

"Basi," akasema. Hakunikemea. Kwa miaka yote alikuwa akisema chatu yule atakuwa wangu. Lori la kutuhamisha lilipofika, alimbeba kapuni, akaenda naye peke yake kwenye njia ya misafara, akarudi na kapu tupu.

Sasa tunakaa kijijini, nyumba zimepangwa mstari ulionyooka, jambo ambalo zamani lingenifurahisha. Nafundisha watu wazima kusoma. Kifaranga akilia karibu nami, koo langu hubana, na tangu siku ile sijaweza kumsihi mtu yeyote ale. Mjomba hachezi tena ngoma. Hajui kusoma, na kwenye darasa langu hataki kuja, kwa hiyo maneno haya hatayaona.

Ukikabidhiwa kiumbe hai, kikikwambia hakina njaa, kiamini. Ukiambiwa usichungulie, kaa chini ukalie mikono yako. Na kama ulishachungulia, ukaulizwa, sema siku ile ile. Mimi kila jioni nakaa na mjomba sahani moja, yeye anamega na mimi namega, na neno liko mdomoni. Kesho nitamwambia, nasema. Usiniige.