Karatasi Ambayo Sikuichoma

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kikundi cha sala cha mama yangu hukutana katika ua wa nyumba moja ya mtaa wa Makomeno. Kila mtu hupewa kipande cha karatasi, huandika mzigo wake, hukikunja mara nne na kukitia katika kikapu. Mwishoni kiongozi, mama mmoja mjane, huzimwaga karatasi zote juu ya mbabula, jiko la mkaa, makaa yakiwa mekundu. Hakuna anayezisoma. Ndivyo wanavyosema.

Mimi sikuamini. Kikapu kilikaa miguuni pake saa nzima huku tukiimba macho yamefungwa. Jicho langu moja lilikuwa wazi. Mara ya kwanza nilimtega: niliandika kwamba nimechumbiwa na mchuuzi wa samaki wa Kilwa, kule ziwani, nikangoja nione nani ataniuliza habari za harusi. Hakuna aliyeuliza. Hilo halikunituliza. Mtu mjanja hangeuliza.

Nilimshuku mama pia. Aliandika polepole, akifunika karatasi kwa kiganja. Nilikuwa na hakika kwamba ananishtaki kwa Mungu.

Mara ya pili niliandika ukweli, lakini kwa Kifaransa. Wengi wetu tuliosoma hufanya hivyo: Kiswahili ni cha kuongea, jambo likiwa zito tunalivalisha Kifaransa. Nilijiambia kuwa ni mazoea tu ya chuo kikuu. Kisha nikakumbuka kwamba mama husoma Biblia ya Kiswahili na hakuna zaidi. Kumbe hata karatasi ya kuchomwa nilikuwa nimeifungia mlango.

Nilichokuwa nikificha ni hiki. Baba alipolazwa hospitali, alinipigia simu asubuhi moja. Niliona jina lake. Nilidhani anataka kunihubiria tena, nikaigeuza simu kifudifudi. Saa sita mchana alikuwa amekufa. Kwenye kilio nilisema simu yangu ilikuwa imezimika. Mashangazi walinitazama.

"Huyu halie," mmoja alisema. "Masomo yamemukausha."

Tangu siku hiyo, mgeni yeyote akigusia kifo cha baba, mama humwambia, "Alimwita mutoto wake, lakini telefone ya mutoto ilikuwa imekufa." Miaka miwili nimesikia uongo wangu ukitoka kinywani mwake.

Jumamosi iliyopita niliandika kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: *Mama, telefone ilikuwa nzima. Niliona jina ya papa. Niliacha ilie.*

Kikapu kilinifikia. Mkono ukakataa.

"Tumbukiza, mama," kiongozi aliniambia. "Mungu anangoja."

"Bado."

"Muache, anaandika kitabu!" mwanamke mmoja alisema, na ua mzima ukacheka.

Nyumbani, mama alikaa jikoni kuchambua sombe, majani ya muhogo. Nikampa karatasi. Alijifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akasoma, kidole kikifuata kila neno. Akasoma tena. Akaigeuza kutazama upande wa nyuma.

"Nani anakutuma uandike hii?"

"Hakuna muntu."

"Ni ule mama wa sala?"

"Hapana, mama. Ni miye."

Alinikazia macho, jicho moja limefinywa kidogo, na nikajua jicho langu la kushuku nimelirithi kwa nani.

"Nilijuaka," alisema. "Ni miye nilimushikia papa yako telefone ku sikio. Nilisikia inalia, inalia. Telefone yenye kufa hailie hivi."

"Basi juu ya nini ulikuwa unaambia bantu vile?"

"Juu bale bashangazi bakuache."

Nilikaa sakafuni kando ya beseni. Nililia vibaya, kwa kelele, jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama tuna msiba. Mama akamjibu kwamba tunao, wa zamani.

Nilipotulia, nilimuuliza yeye huandika nini kila mwezi. Aliigeuza karatasi yangu upande mtupu, akailaza juu ya goti.

"Biki yako iko wapi?"

Nikampa kalamu. Akaanza kuandika, kiganja kikifunika kama kawaida. Alipofika mstari wa pili, akakiondoa kiganja, nisome.