Intaneti ya Barazani kwa Bi Tuhfa

Bi Tuhfa, Mpemba aliyehamia Ngamiani na masufuria yake, hakujua kumnyima mtu kitu. Jirani akiomba chumvi, hupewa na ndimu juu. Basi Luqmani, mwanawe aliyeko Maskati, alipomwekea intaneti nyumbani, neno la siri mama akaligawa mwenyewe kwa kila aliyepita barazani kunywa kahawa. Baraza likajaa wanaume, mpaka akawa anajisifu kwamba kahawa yake haina mfano mji mzima.

Jumapili moja alikuwa na jambo zito. Luqmani alitaka mama amwone kwenye laptop Tabia, binti anayetaka kumposa, na mama alishasema wazi: asipomwona kwa macho yake, wazee hawaendi kwao. Lakini picha ikaganda. Binti wa watu akabaki na jicho moja wazi na mdomo umekwenda upande. Sauti tu ndiyo iliyopita, nayo kwa kukwamakwama.

"Ndiye huyu?" Bi Tuhfa akauliza kwa huruma.

"Mama, mtandao mzito!" Luqmani akasema kutoka Maskati, naye yumo kwenye simu hiyo hiyo. "Funga hivyo vingine ulivyofungua."

Akafunga mapishi, akafunga mawaidha, akafunga na harusi ya watu asiowajua. Akaizima laptop, akaiwasha. Akaisogeza mpaka ubavuni mwa kile kiboksi cha intaneti. Tabia akaja na jicho la pili, la kwanza likafumba.

"Kwani nani mwengine anatumia?" Luqmani akauliza.

"Hapana mtu. Majirani tu."

Hapo barazani ukapigwa ukelele wa goli. Punde ukapigwa mwingine, goli lile lile, kwenye simu nyingine iliyochelewa. Bi Tuhfa akachungulia dirishani. Kila mmoja kainamia simu yake, kahawa imepoa vikombeni. Ikamuuma: kumbe hawakuwa wakiifuata kahawa! Kubadilisha neno la siri asingeweza. Kitu umempa jirani kwa mkono wako, unamnyang'anyaje? Akajitanda kanga, akatoa kichwa mlangoni.

"Jamani, mmekaa tu? Kwa Mselem, mtaa wa pili, kuna pilau ya hitima, wanapakua!"

Baraza likawa tupu. Mmoja alisahau hata kandambili.

Aliporudi ndani, picha ilikuwa safi. Tabia alikuwa akicheka, akijifuta machozi kwa ushungi. Ndipo Bi Tuhfa alipokumbuka kwamba sauti haikukatika. Yeye aliyekuja kumkagua binti wa watu, kakaguliwa yeye, tena akisema uongo. Akaona haya kwelikweli, akatamani picha igande tena.

"Shikamoo, mama. Hiyo pilau ipo kweli?"

"Marahaba, mwanangu." Akainamisha uso. "Haipo."

"Basi injika mchele sasa hivi, mama. Wakirudi, waambie umekosea nyumba, pilau ni hapa hapa."

Bi Tuhfa akainua uso, akamtazama yule binti kwa kituo.

"Luqmani," akasema, huku keshasimama kutafuta sufuria, "wazee wanakwenda kesho."