Kosa Langu ni Kufunga Macho Kabla ya Zamu

Mhariri, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache ilivyo. Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Kitui. Mume na watoto wako Kilungu, ninakorudi kila mwisho wa juma.

Mwaka jana mikono yangu ilianza kutetemeka. Akina mama walilala wawili wawili kitandani, na sisi wauguzi tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Nikishika sindano, inacheza. Siku moja mama aliyefiwa na mtoto alikuwa akilia, nikamfokea anyamaze. Aibu hiyo ninayo mpaka leo na siitafutii udhuru.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kutufanyia semina. Alitufundisha kukaa kimya dakika kumi kabla ya ripoti ya asubuhi: vua viatu, funga macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka, wazo likija litambue kisha uliache lipite. Nilicheka. Lakini nilijaribu, na baada ya majuma machache mikono ikatulia. Nikawaita wenzangu wanne wa wodi za jirani, tukawa tunakaa stoo ya mashuka.

Mama mkwe wa mgonjwa mmoja akachungulia. Akaona wanawake watano miguu mitupu, macho yamefungwa, wanavuta pumzi pamoja. Huyo mbio hadi sokoni kutangaza kwamba wauguzi wanacheza kilumi, ule uchezaji wetu wa kuita mapepo. Jamani! Kilumi gani hicho, hakuna ngoma inayolia, hakuna bega linalotikisika?

Metroni akaniita. "Sista, hii maneno imefika kanisani. Andika barua useme mlikuwa mnaita mapepo na mmeacha. Ukikataa, nakuhamisha hadi zahanati ya Nuu, kule mbali kabisa."

"Metroni," nikamjibu, "hata wewe saa hii unapumua."

Hakucheka.

Wenzangu wote wanne wameandika, na wawili kati yao walikuwa wakinishukuru huku machozi yakiwatoka. Mume wangu naye, mzee wa kanisa, amesema, "Mama watoto, andika tu, karatasi haiumangi mtu. Ukienda huko Nuu, watoto wanabaki na mimi, na wewe usirudi hapa." Nililia siku hiyo. Kitinda mimba wangu ana miaka minne tu.

Lakini nikiandika uongo huo, stoo itafungwa, nami nitarudi kuwa yule aliyemfokea mfiwa. Simtaki tena mwanamke yule, hata kwa dawa.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Wasomaji, nielekezeni: niende Nuu na kuwapoteza wanangu, au iko njia ya kumlainisha baba yao? Nitasoma kila barua. Ila anayetaka kuniambia niombe msamaha kwa kupumua, asipoteze stempu yake.