Petali Iliyoachwa Wazi

Kazi yangu ni kuwachora watu maua mikononi na miguuni, kwa hina na kwa piko, ile rangi nyeusi. Nawachora maarusi wa Gazi na Msambweni, na siku zisizo na harusi nashika meza yangu ufukoni Diani, nawachora wageni. Shule niliiachia kidato cha pili. Ndoto yangu sikuiacha: kwamba ipo siku picha yangu itachapishwa, na jina langu chini yake.

Kuna jarida la hadithi za picha linalotoka kila mwezi. Shujaa wake ni binti mpiga mbizi anayewafichua wezi wa samaki. Nampenda mno. Kasoro yake ni moja tu, mikono mitupu, kama mtu asiye na kwao. Basi nikamchora mwenyewe, nikamtia piko hadi viwikoni, nikaituma picha kwenye kundi la mashabiki simuni. Watu wakaisifu wiki nzima.

Miezi mitatu baadaye binti yule akatokea kwenye jalada, ana piko hadi viwikoni. Kwanza nilifurahi. Kisha nikalitafuta jina langu mbele, nyuma, na kurasa zote za ndani. Halikuwepo.

"Piko zitafanana tu, mwanangu," alisema shangazi, aliyenifunza kazi.

"Hebu tazama kifundo cha mkono, shangazi."

Akavaa miwani. Palikuwa na ua la petali sita. Tano zimejaa, moja wazi. Nyumbani kwetu mchoraji haijazi petali ya mwisho. Huijaza shangazi wa bibi arusi kabla ya kumtoa ndani, na hiyo ndiyo ridhaa yake. Mkono wangu umezoea hivyo, hata kwenye karatasi niliiacha bila kufikiri. Na wao wakainakili bila kujua.

"Hii ni kazi yako," akasema. "Sasa imefikaje kwao?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho mwenzangu wa ufukoni, msichana wa bara anayeuza shanga meza ya pili. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kundi lile. Yeye ndiye aliyeiomba karatasi niliyochorea, na hakuirudisha. Nikawa nafunika simu akipita. Akinikaribisha mahamri, najiuliza ukarimu huu wa nini.

"Mbona unaniangalia ni kama nimekuibia?" akaniuliza siku moja.

"Karatasi yangu iko wapi?"

Akainama chini ya meza yake, akaitoa. Ilikuwa imetiwa plastiki, ina kitobo cha kamba juu. "Nilitaka uitundike hapa, wateja waone kazi yako. Mwenye mashine ya plastiki huko Ukunda amenizungusha wiki mbili. Na hiyo grupu, wewe, si wenye jarida ndio waliianzisha? Wako huko ndani wanaona kila kitu."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikamwomba radhi. Akasema nimchore mguu mzima kwanza, ndipo atafikiria.

Nikapiga simu kwenye jarida. Mwanamume mmoja akapokea, mpole wa sauti.

"Dada, huyo binti ni wetu. Ulimchora bila ruhusa yetu, na leo unatulaumu sisi?"

Nusu yake ilikuwa kweli. "Binti ni wenu," nikamwambia. "Lakini piko ni yangu. Nataka mnitaje jina, basi."

"Una ushahidi gani?"

Nikamweleza habari ya petali kwa unyofu wangu wote. Alinisikiliza vizuri, vizuri kupita kiasi. Akauliza hata ni mkono upi. "Tutaangalia," akasema.

Toleo lililofuata lilirudia picha ile ile, kwa udogo, ukurasa wa nyuma. Jina langu halikuwepo. Petali zote sita zilikuwa zimejaa.

Nje ya watu wa kwetu, aliyejua habari ya petali ile ni mtu mmoja tu: yule niliyemweleza kwa simu.

Shangazi alivaa miwani tena, akaitazama picha. "Nani kaijaza?"

"Wao."

"Kwa ridhaa ya nani?" akauliza, kama aliyeambiwa bibi arusi wake katolewa kwa mlango wa uani.

Siku hizi nimezitundika mezani zote tatu: karatasi yangu, jalada, na ule ukurasa wa nyuma. Mteja akiketi, namwambia azilinganishe wakati namchora. Simwelekezi popote. Wengi huiona petali ile kabla hina haijakauka.