Chumvi ya Tembo wa Mikumi

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja niliamini kwa moyo wote kwamba tembo wa Mikumi wanazuia mizigo inayonunuliwa kwenye simu, na hawaiachii mpaka walambe chumvi. Usicheke kwanza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya usiku, na kwa raha ya kujua kusoma, kila kilichoandikwa kwenye simu niliona ni kweli tupu.

Nyanya za mama yenu, tegemeo letu la mwaka mzima, zilikuwa zinakauka hapa Kilosa, kando ya mto Mkondoa. Nikaona picha ya pampu ya maji, nyekundu, inang'aa kuliko jua lenyewe. Nikalipa palepale. Baadaye muuzaji akaandika: "Mzee, mzigo umekwama hifadhini, tembo wamelala barabarani. Tuma hela ya chumvi."

Mchana nikajilaza mkekani, mama yenu akipita na ndoo kichwani, nami naiona pampu yangu inakuja taratibu juu ya mgongo wa tembo, majani ya mbugani yakimpisha, maji yakidondoka nyuma yake kama mvua ya manyunyu. Usingizi mtamu ule sijaupata tena.

Nikaamua chumvi naipeleka mwenyewe. Kiroba kizima, basi likainama upande wangu. Nikashukia Mikumi kwa Rehema, mdogo wake mama yenu, anayeuza wali stendi.

"Shikamoo, shemeji. Hiyo chumvi ni ya harusi ya nani?"

"Marahaba. Ya tembo."

Akaacha mwiko. Nikamweleza yote.

"Mzigo uko basi gani? Risiti ya kupakia unayo?"

Sikuwa nayo. Akachukua simu yangu, akampigia muuzaji: "Niko Mikumi, nitajie basi nikauchukue mwenyewe." Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haipatikani.

Msimu ule nilibeba ndoo pamoja na mama yenu mpaka mikono ikarefuka ikafika magotini. Nyanya zikapona nusu. Pampu tuliyo nayo sasa tuliinunua kwenye simu hiyohiyo, ila ndugu yetu wa mjini alikwenda kwanza kumwona muuzaji mwingine dukani kwake, na hela ikatoka baada ya pampu kutapika maji mbele yake.

Kwa hiyo nunua, mwanangu, sikukatazi. Ila anayekuharakisha ulipe, muulize maswali ya Rehema. Akiomba hela ya pili, usimpe hata senti. Tunza meseji zake uzipeleke polisi. Mungu akupe mikono yenye heri na macho yasiyoleweshwa na picha. Na siku ndoto ikikunogea, kumbuka alichoniambia Rehema akinipakulia wali:

"Shemeji, tembo huvuka barabara akaenda zake. Mzigo wako haukuwahi kupakiwa."