Tochi Niliyoichagulia Nyuso

Siku ya kwanza kazini, pale studio Bariadi mjini, Mkuu wa Studio hakunipa kamera. Alipanga tochi kadhaa mezani, akafunga mapazia.

"Chagua, binti. Ya kupigia picha, na ya dharura."

Nikachukua iliyomulika mbali kuliko zote. Akacheka. "Hiyo katafutie ng'ombe aliyepotea. Jimulike kiganja."

Kiganja kikawa cha buluu, kama cha maiti. Ndipo akanifundisha: mwanga wa picha usambae, usichome katikati, na rangi yake ikaribie ya jua ili ngozi ibaki ngozi. Kwa dharura, tochi itunze chaji, isiogope maji, na iwashwe kwa kidole gumba, maana mkono wa pili utakuwa na kazi. Niliyoichagua baada ya somo hilo nilizunguka nayo Maswa, Lamadi, kila nilikopangiwa.

Masika moja nilitumwa Kasoli kupiga picha za mashamba ya pamba. Mvua ikanikimbizia zahanati. Umeme ukakatika, na mchana ule ule ndani kukawa giza. Mganga Mfawidhi, mama mwenye sauti ya upole, akatoka chumba cha kujifungulia.

"Dada, una tochi? Hii ya simu inanidanganya, damu yote naiona nyeusi."

Ndani alilala Kabula, mzazi mpya, damu haikati. Nikawasha yangu. Wekundu ukajitokeza, Mganga akaona palipochanika, akaanza kushona.

"Hapo hapo. Usitingishike."

Mkono mmoja ulishika tochi. Wa pili Kabula aliung'ang'ania.

"Mayu, nakufa?" aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Hufi, mwanangu. Niangalie mimi," nilimjibu.

Sikuwa na hakika. Lakini mwanga ulitulia. Damu ilipokata, Mganga alikaa sakafuni, akalia kidogo, kisha akaenda kunawa.

Kabula akaomba picha ya mtoto. Nikaelekeza tochi kwenye ukuta wa chokaa, mwanga ukarudi laini, macho machanga yasiumie. Hapo ndipo mama yake alipomwona vizuri kwa mara ya kwanza.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea matangazo ya tochi, wakinisomea nguvu zake. Nami huwauliza: utammulika nani?

Juzi sokoni mama mmoja alinikumbatia. Alikuwa Kabula, na kando yake msichana mrefu kumzidi.

"Msalimie," alimwambia. "Huyu ndiye aliyenionyesha wewe."