Babu alibaki mgodini Migori, sisi tukazika tunda

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Anayetaka kubisha abishe, mimi nimechoka kulia peke yangu.

Mimi ni wa Migori, upande wa machimbo ya dhahabu. Nyumbani kuna kaburi la babu, lakini babu hayumo.

Babu alikuwa kibarua kwenye mgodi wa wazungu, enzi za ukoloni. Shimo likabomoka naye ndani. Wenye mgodi wakaziba mdomo wa shimo, wakahamia kilima kingine, kazi ikaendelea. Walai, ni hivyo tu. Baba yangu alikuwa bado tumboni.

Sasa sisi Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake, lile tunda refu, zito, la porini. Linaliliwa kabisa, na matanga yanakaliwa.

Ndivyo babu alivyozikwa. Baba amepalilia hilo kaburi maisha yake yote, na ukimuuliza anakwambia, "Hapa kuna tunda. Baba yangu ako shimoni."

Juzi juzi wakaja watafiti wa mambo ya kale, wanachunguza vile dhahabu ilichimbwa zamani. Nikapata kibarua cha kubeba mchanga.

Tukafungua shimo moja. Zikatoka mbao zilizooza, kisha kikombe cha bati, kisha mifupa. Dakitari, yule mama aliyeongoza kazi, akasimamisha kila kitu na kuita polisi.

Baba alikuwa anaugua kifua, lakini aliposikia akasema nimpeleke hata kwa wilbaro. Nikamleta na boda. Wakampitishia pamba mdomoni ili wapime DNA.

"Ni yeye?" akauliza.

"Mzee, tungoje vipimo," dakitari akamwambia. "Lakini meno yanaonyesha alikuwa kijana sana. Pengine miaka ishirini hivi."

Hebu fikirieni, miaka yote baba alikuwa anangoja mzee mwenye mvi.

Kisha akainama pale mdomoni mwa shimo akasema, "Wuoda, wadhi dala." Mwanangu, twende nyumbani.

Alimwita babake mwanangu! Aki nilienda kulia nyuma ya gari la watafiti.

Mifupa ikapelekwa Nairobi. Kila asubuhi baba ananiuliza kama wamepiga simu. Nikiwapigia, naambiwa nisubiri.

Baba akafa akisubiri. Tukamzika kando ya lile kaburi la tunda.

Simu ikaja tumeshamaliza matanga. Ni yeye.

Wazee wa ukoo wakaanza kuvutana, ati mtu hazikwi mara mbili. Mama akawakatiza: "Mlizika tunda. Sasa leteni mtu."

Tukafukua. Yago halikuwepo tena, ni udongo mtupu. Jeneza la babu lilikuwa jepesi, mimi na ndugu yangu tulilibeba bila kupumzika.

Sasa kwetu mtoto ametangulia kaburini, babake akafuata. Na ukisoma misalaba, mtoto ndiye mzee.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi site za zamani watu wanakuja kupiga picha, wanasema ni historia. Sawa, lakini kuna watu wetu humo ndani. Ulizieni sasa, wale wanaowangoja wakiwa bado wanapumua.

Na kama kwenu kuna aliyebaki huko chini, andika jina lake hapa. Nitayasoma yote kwa sauti.